Protoni ya Nne

Nyie vijana mnaosoma fizikia, wazazi wenu wakiwauliza mtu wa kazi hiyo anafanyaga nini kutwa nzima, waambieni ukweli: anashuku. Mimi nimelipwa mshahara wa kushuku kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeshuku mashine, nimeshuku watu, nimeshuku hesabu zangu mwenyewe hata baada ya kuzirudia mpaka macho yakauma. Na nilipokuja hapa Makoko kumalizia kazi, majirani nao wakanishuku mimi. Kwa hiyo tulikuwa sare.

Nilikuwa nimerudi kumuuguza mama yangu. Kazi iliniruhusu. Mashine yenyewe ilikuwa Ulaya, lakini namba zinazotoka kwenye mashine unaweza kuzisoma popote penye umeme na mtandao, hata barazani unapoona ziwa. Jioni tulikuwa na kikao kwa kompyuta, na kwa kuwa mwanafunzi mmoja wa kundi letu alikuwa kijana wa Bunda, tukibaki wawili tulirudi kwenye Kiswahili. Siku moja nikawa nabishana naye kwa sauti: "Hapana! Ukiipiga kwenye risasi inavunjika vipande viwili. Vitafute hivyo vipande!" Dirisha lilikuwa wazi.

Kesho yake asubuhi mjumbe wetu wa mtaa, Mzee Wambura, akaja na wanaume wawili. Walikataa chai, nikajua mambo ni mazito.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu," alisema. "Lakini watu wanasema humu ndani kuna risasi."

"Risasi ipi, Mzee Wambura?"

"Ya kupiga. Inavunja vipande viwili. Watu wamesikia kwa masikio yao."

Nikamweleza kwamba ni ile risasi madini, ile nzito, wavuvi wanayofungaga chini ya nyavu ili zizame. Akauliza iko wapi. Nikasema iko Ulaya. Akainama, akaitazama kompyuta yangu mbele, kisha akaizungusha akaitazama nyuma.

"Kwa hiyo risasi iko Ulaya, wewe uko Makoko, na unaipiga."

"Mashine ndiyo inaipiga. Mimi naangalia vipande."

"Unaviona?"

"Hapana, ni vidogo mno. Havionekani."

Mmoja wa wale wanaume akauliza kama hivyo vipande ndivyo vilivyoua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walioonekana wakielea ufukweni wiki ile. Nikasema hapana. Mzee Wambura akavaa kofia yake. "Tutaendelea kufuatilia," alisema, na kweli alifuatilia, kila alipopita alisimama kidogo kwenye ua wangu kusikiliza. Sikumchukia. Mtu anayekataa kuamini asichokiona, na bado anarudi kuangalia, angenifaa sana maabara.

Sasa niwaambie tulikuwa tunafanya nini hasa. Ndani ya kila atomu kuna kiini, na kiini kimejengwa kwa protoni na nyutroni. Vingine vimeshikamana sana, huvitikisi. Vingine vimefungwa kilegevu, kama mzigo wa kuni uliofungwa na mtu mwenye haraka. Lithiamu ni mmoja wa hao walegevu. Sisi tuliirusha lithiamu kwa kasi kubwa kwenye karatasi nyembamba ya risasi, halafu tukaweka vigunduzi kuzunguka ile karatasi ili vinase vipande vinavyoruka. Tulitaka kujua lithiamu inavunjikaje, na inavunjika lini: kabla ya kufika kwenye risasi, au ikishaigusa. Hilo si swali la kupoteza muda. Viini viwili vikikutana vinaweza kuungana kuwa kimoja, hivyo ndivyo nyota zinavyojengaga vitu, lakini kama kimoja kimepasuka njiani hakuna tena mzima wa kuungana naye. Tulikuwa tunaona miungano michache kuliko hesabu zilivyodai, na tulitaka kumjua anayeizuia.

Aliyenifundisha kushuku ni mama mmoja aliyeitwa Ilse, mzee wa maabara ile ya Ulaya, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilipofika kwake mara ya kwanza, kundi zima lilikuwa linashangilia: walikuwa wameona vipande ambavyo hakuna aliyevitegemea. Vinywaji vilikuwa mezani. Ilse hakunywa. Alikwenda kwenye mashine, akatoa ile karatasi ya risasi na kuacha fremu tupu, kitundu kitupu tu, akasema: "Rusheni tena." Wakarusha. Vile vipande vya ajabu vikaja vilevile, vingi, kana kwamba risasi bado ipo. Miale, yaani ule mkondo wa viini tunaourusha, ilikuwa imepinda kidogo na ilikuwa inagonga ukingo wa fremu. Ugunduzi wao ulikuwa ni chuma cha fremu.

Vinywaji vikarudishwa kabatini. Ilse akanigeukia, mimi mgeni, akaniambia, "Kwanza fremu tupu. Ndiyo ufurahi." Wanangu, kama mtasahau yote mengine, hilo msilisahau. Kabla hujaamini ulichokipata, jaribu kukipata pale ambapo hakipaswi kuwepo.

Yule kijana wa Bunda aliitwa Mugeta. Baba yake ni mkulima wa pamba, upande wa kwenda Ikizu. Alikuwa amesoma kwa shida na kwa akili nyingi, akafika kwenye kundi letu kutafuta shahada ya udaktari, kisha karatasi zake za kuishi Ulaya zikachelewa akalazimika kungojea nyumbani. Akawa anafanya kazi kutoka kwa baba yake kama mimi nilivyofanya kutoka kwa mama yangu. Yeye alichambua namba, mimi nikakagua uchambuzi wake, na mkuu wa kundi, Profesa Henrik, hakutangaza lolote mpaka mimi nitie saini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: mkaguzi.

Siku moja Mugeta akatuletea jambo ambalo halikuwezekana.

Lithiamu ina protoni tatu. Ikivunjika tunategemea kipande kimoja cha alfa, ambacho kina protoni mbili, na kingine kidogo chenye protoni moja. Mbili na moja, tatu. Mugeta alikuwa na matukio mengi ambapo zilitoka alfa mbili kwa pamoja. Mbili na mbili, nne. Zimeingia tatu, zimetoka nne.

Na haikuishia hapo. Ukijumlisha nishati ya zile alfa mbili ilizidi nishati tuliyoitumia kuirusha lithiamu. Ni kama mtu aende mnadani na ng'ombe mmoja arudi na wawili, na ukimuuliza anasema sijui.

Kwenye kikao Henrik hakupoteza muda. "Huo ni uchafu," alisema. "Chochote chenye nishati kuliko tuliyoingiza, tukate. Grafu itakuwa safi."

"Profesa," Mugeta akasema, "ni mengi sana kuwa uchafu."

"Uchafu huwa mwingi. Ndiyo maana tunauita uchafu."

Baada ya kikao Henrik akaniandikia peke yangu maneno machache: Huyu kijana, unamwamini?

Sikumjibu. Katika kazi ile swali hilo halijibiwi kwa moyo. Nilifungua faili la Mugeta nikaanza kulipitia tukio moja baada ya jingine, kazi ya kuchosha kuliko kupalilia. Kwanza nikaangalia data ya fremu tupu: alfa mbili hazikuwepo. Vizuri. Nikaangalia kama kigunduzi kimoja kilikuwa kinahesabu kipande kimoja mara mbili, kwa sababu vile vigunduzi vinakuwaga na vipande vilivyopakana na kimoja kikiguswa jirani yake hupiga kelele. Hapana. Nikaanza kupumua.

Halafu nikakutana nao. Matukio kadhaa, yametawanyika humo ndani, na yote yalikuwa tukio moja. Nishati ileile, pembe ileile, mpaka tarakimu ya mwisho kabisa. Wanangu, maumbile hayajirudii hivyo. Ukirusha mawe mawili ziwani hayawezi kupiga mawimbi yanayofanana mpaka tone la mwisho. Namba zikifanana mpaka mwisho, kuna mkono wa mtu.

Nilifunga kompyuta nikakaa. Mama yangu akauliza kutoka ndani kama kuna aliyekufa. Nikamwambia bado.

Sikumwandikia Henrik. Wala sikumwandikia Mugeta, kwa sababu anayeshukiwa ukimwandikia unampa nafasi ya kufua nguo. Nilipanda gari asubuhi nikaenda Bunda bila kuaga.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, yeye na baba yake, wanachambua pamba chafu kutoka kwenye safi. Mugeta akasimama haraka. "Shikamoo, Mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Ningesema ungekuwepo?"

Akanitazama. Nikatoa kompyuta, nikaiweka juu ya gunia, nikamwonyesha yale matukio yanayofanana. "Hawa mapacha wametoka wapi?"

Nilitegemea ajiumeume. Nilitegemea aseme mtandao, au umeme ulikatika, kwa sababu umeme umebeba dhambi nyingi za watu mkoa huu. Yeye akatabasamu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umewaona," alisema.

"Nimekuuliza wametoka wapi."

"Niliwaweka mimi. Nilichukua tukio moja nikalinakili, nikatawanya. Nilitaka kujua kama unaangaliaga kweli, Mama."

Akaendelea, sasa kwa kasi, kwamba huko alikosoma shahada ya pili msimamizi wake alikuwa anatia saini bila kufungua, na kazi ikapita ikiwa na kosa kubwa, na lilipogunduliwa aliyetajwa ni Mugeta, si msimamizi. "Nikaapa sitampa mtu kazi yangu bila kujua kama anaisoma. Nilikutegea. Ungetia saini tu, ningejua niko peke yangu. Ningewaondoa kabla hatujatangaza, nakuapia."

"Na mimi nitajuaje kwamba ungewaondoa?"

"Nimekuambia."

"Mtu aliyeweka uongo kwenye faili ananiambia."

Baba yake, mzee mkavu mwenye macho makali, alikuwa anaendelea kuchambua pamba. Sasa akaweka kikapu chini. "Mwalimu, samahani. Huyu kachukua kitu cha watu?"

"Hajachukua, Mzee. Ameongeza."

Mzee akafikiri. "Kwenye pamba, mtu akiongeza maji au mchanga ili mzigo uwe mzito, huyo tunamwita mwizi."

"Baba, haikuwa kwa ajili ya uzito!"

"Mchanga haujui umewekwa kwa ajili gani," alisema mzee, akarudi kwenye pamba yake.

Mugeta aliinamisha kichwa. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, atalieleza kundi zima kwa mdomo wake, na mimi nikisikiliza. La pili, kila kitu kitaanza upya kutoka data ghafi, ile iliyorekodiwa na mashine yenyewe ambayo hakuna kati yetu aliyeigusa.

"Nikiwaambia watanifukuza."

"Wanaweza."

"Na zile alfa mbili halisi? Mama, zipo! Hawa mapacha ni wachache, mengine yote ni ya kweli. Henrik atayatupa yote."

"Ndiyo hasara ya mchanga," nilisema. Sikusema kwa ubaya. Niliondoka pale sijui kama nimeongea na mwongo, au na mwanafunzi mwangalifu kuliko wote niliowahi kukagua. Na bado siku hiyo niliona anaweza kuwa vyote viwili.

Alisema. Kwenye kikao kilichofuata aliwasha kamera, ambayo kwa kawaida huwa anaizima kwa sababu mtandao ni mzito, akaeleza alichofanya na sababu. Henrik akataka aondolewe siku hiyohiyo. Nikasema mimi kama mkaguzi naomba asiondolewe mtu na yasikatwe matukio mpaka data ghafi ichambuliwe upya na watu wawili wasiozungumza wao kwa wao. Henrik akauliza watu gani. Nikasema mimi na Mugeta.

"Mnatoka sehemu moja," alisema Henrik. "Mnaongea lugha moja. Nitajuaje kwamba hamkupatana?"

Nilimpenda kwa swali hilo, ingawa lilinichoma. Nikamjibu kwamba kutakuwa na mtu wa tatu katikati yetu.

Mtu huyo alikuwa Sista Rhobi. Tulisoma pamoja darasa moja tangu utoto. Yeye akaenda utawa, mimi nikaenda viini. Wakati huo alikuwa akifundisha hesabu sekondari upande wa Butiama, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza aliyepata majibu yote: "Umeyapata, au yamekupata?" Maabara ikatuma diski mbili za data ghafi kwake. Alimpa Mugeta moja, akanipa mimi moja, akatuandalia na masharti. Hakuna kupigiana simu. Hakuna kuulizana hata habari za mgonjwa. Jibu likiwa tayari, kila mtu amletee yeye.

"Hata wewe sikuamini," aliniambia aliponikabidhi diski. "Unampenda huyo kijana."

"Nimemkasirikia."

"Ndiyo hivyo hivyo."

Kilikuwa kipindi kigumu. Kila mtu alimshuku kila mtu. Mzee Wambura, aliponiona nimenyamaza jioni, hakuna tena kelele za risasi, alishuku zaidi. Akaja kuuliza kama mzigo umeshasafirishwa. Henrik alimfungia Mugeta nywila za maabara, na shahada yake ikasimama. Mimi niliandika programu yangu upya kuanzia mstari wa kwanza, nisije nikatumia kipande alichowahi kukigusa. Na umeme ulipokatika nikiwa katikati, nilikuwa nakaa na kalamu nikihesabu kwa mkono, kama tulivyofundishwa zamani, na nawashauri nanyi mjifunze hivyo. Hesabu ya mkono ni ya polepole, lakini unaiona ikipita.

Nilipomaliza, alfa mbili zilikuwepo. Zilikuwepo nyingi, bila pacha hata mmoja, na nishati yao ilizidi ile tuliyoingiza, vilevile.

Tulikutana Butiama, chumba cha walimu cha shule, Jumamosi wanafunzi wakiwa wanafua. Sista alizichukua simu zetu kwanza. Kisha akaweka grafu yangu mezani, akaweka ya Mugeta juu yake, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Vilima viwili, pale matukio yalipojazana, vilikaa mahali pamoja.

"Basi ni kweli," alisema Mugeta.

"Basi mmekosea pamoja, au ni kweli," alisema Sista. "Nielezeni mimi mtu wa hesabu. Zimeingia tatu, zimetoka nne. Moja imetoka wapi?"

Tukaanza kutaja washukiwa, kama tulivyofanya wiki zote zile. Uchafu wa mafuta ya pampu zinazonyonya hewa kwenye mashine: hapana, viini vyake ni vyepesi, vingesukumwa sana vikigongwa na kilima kingetapakaa, chetu kimesimama wima. Vigunduzi: hapana. Fremu: tupu. Mugeta: data ghafi hakuigusa. Mimi: sikuigusa. Tulibishana mpaka sauti zikapanda.

Ni Mugeta aliyenyamaza kwanza. Alikuwa anatazama jambo jingine kwenye grafu, umbali kati ya alfa na mwenzake. "Mama, hizi zinatembea karibu karibu mno," alisema. "Haziachani. Zinatoka kama zilizaliwa pamoja." Akashika kalamu, akapiga hesabu ya nishati inayozitenganisha, akanisukumia karatasi. Ilikuwa ndogo sana, na niliifahamu. Kila mtu wa kazi yetu anaifahamu. Kuna kiini kinaitwa beriliamu ya nane, yaani yenye chembe nane ndani yake, ambacho hakikaagi. Kikizaliwa tu, hapohapo kinapasuka kuwa alfa mbili, na zinatoka taratibu kwa kiasi hichohicho.

"Beriliamu ina protoni nne," nilisema.

"Lithiamu ikipata moja zaidi," alisema.

"Kutoka wapi?"

Tukatazamana. Wiki zote zile tulikuwa tumeshuku watu, mafuta, nyaya, umeme, nia. Hakuna aliyeishuku risasi. Tuliichukulia kuwa ni ukuta tu wa kugongea. Lakini risasi ina protoni themanini na mbili. Lithiamu ilipopita karibu nayo ilichomoa moja, ikawa beriliamu, na beriliamu ikavunjika. Haikuvunjika kwa sababu imegongwa. Ilivunjika kwa sababu ya kilichochukuliwa. Na nishati ya ziada? Alfa ni kiini kilichoshikamana kwa nguvu ajabu. Ukijenga mbili kwa pamoja unapata nishati nyingi kuliko gharama ya kuichomoa ile protoni. Nikapiga hesabu. Ziada ilikaa palepale penye kilima.

Mugeta alikuwa amesimama. Sista Rhobi hakusimama.

"Hadithi nzuri," alisema. "Nzuri sana. Sasa nipeni kitu ambacho kikitokea vingine nitajua mmenidanganya."

Hapo ndipo kazi yetu inapotofautiana na umbea, wanangu. Tukakaa tena. Jirani wa risasi kwenye orodha ya elementi ni bismuthi, na protoni ya mwisho ya bismuthi imeshikwa kwa ulegevu zaidi. Kuichomoa ni rahisi. Kwa hiyo kama tunasema kweli, ukiweka bismuthi mahali pa risasi ziada itaongezeka, na kilima kitasogea kwenda juu kwa kiasi kinachojulikana. Kikikaa palepale, tumekosea. Kikisogea kidogo tu, tumekosea. Tulimtumia Henrik na kundi zima utabiri huo kutoka pale pale Butiama, kwa simu ya Sista, kabla hatujala. Hatukutaka nafasi ya kubadilisha mawazo.

Henrik alichukua muda kukubali. Kurusha mashine kwa ajili ya hoja ya kijana aliyekiri kuweka uongo si jambo dogo. Lakini alikubali, na sitasahau alivyosema: "Nitarusha ili tumalize."

Data ya bismuthi ilifika Makoko mchana, mama yangu amelala. Niliifungua, nikaipitisha kwenye programu, grafu ikaanza kujichora kidogo kidogo kwa sababu mtandao ulikuwa mzito. Kilima kilikuwa kimesogea. Kilikuwa kimesogea mpaka pale tulipoandika.

Nikalia. Nililia kwa furaha, nikapiga makofi peke yangu sebuleni kama mtoto. Kisha nikayakatisha makofi. Nilikuwa nimefurahi kabla ya kuangalia fremu tupu.

Niliiangalia baadaye, ilikuwa safi. Lakini nilijua jambo limekwisha. Mkaguzi anayetaka jibu liwe kweli hafai kulikagua, hata kama ni kweli. Nilikuwa nataka, nilitaka kwa ajili ya Mugeta, kwa ajili ya baba yake pale kwenye pamba, kwa ajili ya kumwonyesha Henrik. Nikamwandikia Henrik kwamba saini yangu haitakuwepo. Akague yeye, yeye asiyetuamini, yeye anayetamani tuwe tumekosea, na aanzie data ghafi. Na nikamwambia kwamba baada ya hapo ninastaafu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kwa wale wanaouliza kama niliugua.

Jibu la Henrik lilichelewa sana. Mugeta hakuuliza, na mimi sikumpigia. Tulikuwa tumezoea kutozungumza. Msimu wa pamba ukaisha. Baadaye tulikuja kukuta kwamba wenzetu wengine wa mbali, tusiowajua wala wasiotujua, nao walikuwa wameona lithiamu ikifanya vilevile. Sikusikitika kwamba hatukuwa peke yetu. Shahidi asiyekujua ndiye shahidi.

Hatimaye Henrik akajibu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Alisema amejaribu kila njia kuivunja kazi yetu, na haikuvunjika. Alisema Mugeta arudishiwe nywila zake, aendelee na shahada, na kwenye tasnifu yake aeleze ukurasa mzima habari ya wale mapacha wa bandia, ili atakayesoma ajue.

Nikampigia simu Mugeta papo hapo. Alikuwa shambani, nilisikia upepo na sauti ya baba yake ikiuliza ni nani. Nikamsomea ujumbe wote polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nikangoja afurahi.

Alimwambia baba yake angoje kwanza. Kisha akasema, "Mama, hilo la kujaribu kuivunja. Amejaribu kweli, au ameandika tu?"